Utalii wa Unguja: Mali Bila Daftari



Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Neno hili ni la kweli, wala hatuna nia ya kulipinga. Lakini siku hizi limekuwa kama kitambaa cha kufunikia macho. Mtu akiuliza habari za kisima kilichoingia chumvi, hujibiwa, "Mgeni njoo." Mvuvi akiuliza kwa nini njia ya kwenda pwani imezibwa kwa ukuta, hujibiwa vivyo hivyo. Basi twataka kuuliza: ni mwenyeji gani aliyepona, amepona kwa kiasi gani, na pwani imelipa nini ili yeye apone?

Twazungumza habari za kisiwa cha Unguja, kwa sababu huko mambo haya yamekwenda mbele kuliko mahali pengi pa pwani yetu. Lakini msomaji wa Pangani, wa Kilwa, wa Mafia au wa Lamu asidhani kwamba hayamhusu. Wanunuzi wa viwanja vya pwani wana miguu, na wakimaliza hapa watahamia pale.

Zamani Zanzibar ilitegemea karafuu. Bei ya karafuu ilipoanguka, Serikali ilitafuta riziki nyingine, na katika mwaka 1986 ikatunga sheria ya kuwalinda wenye kuleta mitaji kutoka nje. Tangu hapo hoteli zimejipanga kama shanga katika uzi: Nungwi, Kendwa, Matemwe, Kiwengwa, Bwejuu, Paje, Jambiani. Katika mwaka 2001 wageni waliofika hawakutimia 100,000. Katika mwaka 2023 walipita 600,000, na katika mwaka 2024 walipita 700,000. Nao watu wote wa Zanzibar, Unguja na Pemba pamoja, walihesabiwa katika sensa ya mwaka 2022 kuwa 1,889,773. Maana yake, kwa kila wenyeji watano, karibu wageni wawili huingia kila mwaka. Ni kweli kwamba kila mgeni hukaa siku chache tu. Lakini aondokapo mmoja, kitanda chake hakipoi kabla hajaingia mwingine.

Hatukatai kwamba wageni hawa huleta fedha nyingi. Vijana wengi wamepata mishahara, na Serikali imepata kodi za kujengea shule na barabara. Lakini wazee walisema pia, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mwenye duka aandikaye mauzo peke yake, asiandike bidhaa zilizotoka katika rafu, atajiona tajiri mpaka siku atakapogeuka na kuona rafu tupu. Ndivyo utalii wa pwani unavyohesabiwa sasa. Fedha iingiayo huandikwa na kutangazwa. Maji, mwamba na mchanga vitokavyo haviandikwi na mtu. Hayo ndiyo tunayotaka kuyaandika hapa.

Tuanze na maji. Upande wa mashariki wa Unguja ni nchi ya mawe ya matumbawe, ambayo wenyeji huiita uwanda. Hapana mto wa kutegemewa huko. Mvua inyeshapo huzama ndani ya mawe, ikakaa chini kama sahani ya maji matamu inayoelea juu ya maji ya chumvi, maana maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari. Wenye elimu ya visima wanasema ya kwamba kwa kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kama futi 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hii yapendeza mpaka uigeuze. Mtu akiyavuta maji kwa pampu hata uso wake ukashuka futi moja na kubaki hapo, chumvi nayo itapanda kutoka chini polepole, hatimaye kama futi 40. Na kisima kikiisha kuingia chumvi hakitakati kwa mvua moja.

Sasa nani ayavutaye maji hayo? Katika mwaka 2001 ulichapishwa uchunguzi wa mtaalamu Stefan Gössling juu ya matumizi ya maji katika pwani ya mashariki ya Unguja. Aliona kwamba mgeni mmoja alitumia, kwa wastani, lita 685 kwa siku, yaani kama mara 15 ya mwenyeji. Sehemu kubwa ya maji hayo haikunywewa wala haikuogewa. Ilimwagwa katika bustani za hoteli, kwa sababu udongo wa uwanda haushiki maji, na majani mabichi yapendwayo na wageni hayaishi hapo bila kumwagiliwa kila siku. Tufanye hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne aiweza. Hoteli ya wageni 100 hutumia lita 68,500 kwa siku. Mwenyeji mmoja hutumia moja ya kumi na tano ya matumizi ya mgeni mmoja. Basi hoteli hiyo yatumia maji ya wenyeji 1,500, yaani ya kijiji kizima.

Mtu atasema kwamba hesabu hiyo imezeeka. Kweli, wala hatudai kwamba kila hoteli ya leo hutumia kiasi kile kile. Nyingine zimejifunza kubana maji, na nyingine zina mashine za kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Lakini tumekwisha kuona jinsi wageni walivyoongezeka tangu mwaka huo. Hata kama kila mgeni wa leo angetumia nusu tu ya maji ya mgeni wa wakati ule, jumla yake ingali kubwa kuliko ya zamani mara kadhaa. Tena tazama majira. Masika hunyesha kuanzia Machi hata Mei, na vuli huja mwishoni mwa mwaka. Wageni hukimbia mvua. Huja kwa wingi katika miezi ya ukavu, Juni hata Oktoba, na tena wakati wa kaskazi. Basi pampu huvuta kwa nguvu zaidi siku zile zile ambazo mama wa kijiji ateremsha ndoo kisimani na kuisikia ikigonga jiwe.

Baada ya maji, mwamba. Wengi wetu tulikua tukidhani kwamba tumbawe ni jiwe. Sivyo. Tumbawe ni kazi ya wanyama wadogo sana, maelfu kwa maelfu, ambao hujijengea nyumba za chokaa, kizazi juu ya kizazi. Yale matumbawe makubwa ya mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Tumbawe lenye kimo cha mtu lilianza kujengwa kabla ya babu wa babu zetu hawajaacha kunyonya. Nanga moja iliyotupwa bila kuangalia yaweza kulivunja kwa dakika moja, na mguu wa mwogeleaji asiyejua kuelea wafanya kazi ile ile polepole. Kando ya kisiwa cha Mnemba, ambapo bahari iliwekwa chini ya hifadhi katika mwaka 2002, mashua za wageni husongamana siku nyingi kama ng'ombe kwenye birika. Jina la hifadhi lipo, na ada hutozwa. Lakini hifadhi isiyo na hesabu ya mwisho ya mashua ni mlango ulio na kufuli bila ufunguo.

Uko pia uharibifu usio na kelele. Uchafu wa vyoo na wa majikoni, ukitiwa katika mashimo yaliyochimbwa katika mawe ya uwanda, haukai shimoni, maana mawe hayo yana matundu kama sifongo. Hupenya ukaingia katika kisima, kisha ukatokea baharini. Huko huwa mbolea. Majani ya bahari hunenepa, yakapanda juu ya matumbawe na kuyanyima mwanga, nayo hufa. Kasa naye hupanda pwani usiku kutaga. Makinda yake yakianguliwa hutafuta mwanga wa bahari ili yajue njia. Yakikuta taa za hoteli hugeukia nchi kavu, yakaliwa na kaa na kunguru au yakaungua kwa jua la asubuhi. Huko Kizimkazi, mashua huwafukuza pomboo ili mgeni aruke majini kati yao, na wataalamu waliowachunguza wameona kwamba mbele ya mashua hizo wanyama hao huacha kupumzika. Kwenye mafungu ya mchanga, kiti cha pweza huinuliwa majini na kupitishwa mikononi ili watu wapigwe picha naye, hali kiumbe huyo huvuta pumzi ndani ya maji. Yote haya huitwa matembezi ya kupendeza.

Jambo la tatu ni ufuko wenyewe. Mchanga mweupe ambao mgeni ameusafiria maelfu ya maili haukuletwa na upepo kutoka bara. Ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi na samaki kwa muda mrefu. Mwamba ukifa, kiwanda cha mchanga kimefungwa. Wala mwamba si kiwanda tu, ni boma pia. Huko mbali ndiko wimbi livunjikako kabla ya kutufikia. Basi mwenye hoteli aliyejenga karibu mno na maji huona bahari ikimjia, akajenga ukuta. Wimbi likigonga ukuta hurudi na mchanga wa mbele yake, kisha huzunguka na kula pwani ya jirani asiye na ukuta. Jirani akiwa na fedha hujenga naye ukuta. Akiwa ni mvuvi, huhamisha ngalawa yake, na mwaka unaofuata huihamisha tena. Na penye mikoko, mkoko na mchu hukatwa ili chumba kione bahari, hali samaki wengi wa mwamba walilelewa wadogo kati ya mizizi ile.

Hapa lazima tuseme habari za akina mama. Tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kwa biashara kimeenea katika vijiji vya mashariki, Paje na Jambiani vikiwa miongoni mwa vya kwanza, na walimaji wengi mno ni wanawake. Kwa fedha hiyo walinunua madaftari ya watoto na mabati ya nyumba, bila kumwomba mume. Shamba lao ni maji yale ya kina kifupi yaliyo kati ya pwani na mwamba. Sasa maji hayo hayo yatakiwa na wageni wachezao juu ya ubao unaovutwa na tiara, nao huona vigingi na kamba za mwani kuwa ni takataka. Ni kweli kwamba mwani umepata adui wengine, joto la maji na bei duni. Lakini mwenye adui wawili hapaswi kuongezewa wa tatu, kisha akaambiwa kwamba huyu wa tatu ndiye maendeleo.

Tunajua tutakavyojibiwa, maana majibu hayo tumeyasikia mara nyingi. Tuyapime moja moja.

Wa kwanza husema, "Mnapinga kazi za vijana." Hasha. Anayepinga kazi za vijana ni yule auaye kinacholeta kazi. Mgeni hakuja kutazama saruji. Kwao saruji ni tele. Amekuja kwa ajili ya maji safi, samaki wa rangi na mchanga mweupe. Siku mwamba utakapokuwa kifusi na ufuko ukuta mtupu, mgeni atafungua ramani na kuchagua kisiwa kingine, na mwenye mtaji atamfuata. Kijana wa Nungwi hatafuata. Atabaki palepale, bila mshahara na bila samaki.

Wa pili husema, "Wavuvi wenu ndio waharibifu. Waliotumia baruti ni nani? Wenye kuburuta juya ni nani?" Ni kweli, wapo, na wafanyao hivyo hatuwatetei. Tena bahari yenyewe imeugua. Katika mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakapauka na kufa. Joto la namna hiyo limerudi mara nyingine tangu hapo. Lakini mambo haya yanaunga mkono neno letu, hayalipingi. Mgonjwa wa homa hatwishwi mzigo kwa sababu eti homa si kosa la mzigo. Na kwa habari ya wavuvi, huko Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wenyewe wamekubaliana kuufunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha huufungua siku moja watu wote wakavua. Kama mtu mwenye ngalawa na watoto wa kulisha aweza kungoja miezi, mwenye hoteli naye aweza kungoja kibali.

Wa tatu husema, "Bahari ni kubwa, haijai." Bahari ni kubwa, lakini mwamba si bahari. Ni ukanda mwembamba, kama upindo wa kanga. Upindo ukikatika, kanga huchanika hata kama nguo iliyobaki ni pana.

Wa nne ni mwerevu kuliko hao. Husema, "Basi mwataka tufanye nini? Haiwezekani kupokea wageni bila kuharibu." Huyu na aende Chumbe.

Chumbe ni kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Katika mwaka 1994 Serikali ilikubali mwamba wa upande wake wa magharibi ufungwe, usivuliwe wala kutiwa nanga. Waliokuwa wavuvi walifundishwa kuwa walinzi, nao hawakupewa bunduki; walipewa maarifa na maneno ya kuwaeleza wenzao. Nyumba za wageni ni saba tu. Kila nyumba huyakusanya maji ya mvua kwa paa lake na kuyaweka katika birika chini ya sakafu. Haina kisima, wala haiibi maji ya mtu. Umeme watokana na jua. Choo hakitumii maji. Uchafu hugeuzwa mboji. Maji ya kuogea husafishwa kwa kupitishwa katika vitanda vya mimea kabla hayajafika ardhini. Watoto wa shule za Unguja hupelekwa huko wakajifunza majini, na wengi wao, ingawa wamezaliwa visiwani, hapo ndipo waonapo tumbawe hai kwa mara ya kwanza. Katika mwaka 2000 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya kulinda mazingira.

Watasema, "Chumbe ni ndogo, na bei yake ni kubwa." Naam, ni ndogo, na huo ndio ufundi wake. Haikuanza kwa kuuliza, "Twaweza kuingiza wageni wangapi?" Ilianza kwa kuuliza, "Kisiwa hiki chaweza kubeba wangapi?" Swali hilo la pili ndilo linalokosekana katika habari zote za hoteli zisomwazo magazetini. Na wakati huu ndio wa kuliuliza, maana tangu mwaka 2021 visiwa vidogo kadhaa vya Zanzibar vimekodishwa kwa wenye mitaji. Visiwa hivyo vyaweza kuwa Chumbe nyingine, au vyaweza kuwa Nungwi nyingine katika eneo dogo zaidi. Mkataba ndio utakaoamua, na mkataba ukitiwa sahihi hausikii kilio.

Basi twasema hivi, bila kuuma maneno. Hoteli yoyote isipewe ruhusa kujenga pwani mpaka ionyeshe maji yake yatatoka wapi bila kupunguza ya kijiji, na uchafu wake utakwenda wapi bila kufika mwambani. Kila hifadhi ya bahari iwekewe hesabu ya mashua kwa siku, na mashua ya ziada irudishwe, hata ikiwa ni ya mkubwa. Njia za kwenda pwani na mashamba ya mwani yaandikwe katika ramani kabla ya hoteli, si baada yake. Sheria haikosekani: Zanzibar ina sheria ya mazingira ya mwaka 2015, nayo yataka athari za mradi zichunguzwe kabla ya kujengwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza, "Uchunguzi uko wapi? Tusomeeni."

Nanyi, ndugu wasomaji, mwajua kusoma. Hiyo si sifa ndogo katika jambo hili, kwa sababu pwani nyingi zimepotea kwa karatasi ambayo aliyeitia dole gumba hakuisoma. Mkutano ukiitwa na sheha au na mwenyekiti wa kijiji juu ya kiwanja cha pwani, nendeni, na akina mama waende pia, maana kisima na mwani ni vyao kwanza. Waombeni wenye mradi wawaambie idadi ya vyumba, idadi ya lita na mahali pa shimo la choo. Wakijibu kwa tabasamu, waulizeni tena. Mzee mwenye minazi ufukweni asiuze kwa bei ya pikipiki kitu ambacho wajukuu wake hawataweza kukinunua kwa bei ya ndege. Na kijana aongozaye wageni amwambie mgeni kwa adabu, "Bwana, hapa hatukanyagi; bibi, huyu hatumtoi majini." Mgeni mwema atashukuru. Asiyeshukuru hakuja kututembelea; amekuja kutumaliza.

Wageni waje, nasi tuwakaribishe kwa moyo mweupe. Lakini daftari lifunguliwe kurasa zote mbili, ya mapato na ya matumizi, na lisomwe mbele ya kijiji chote kabla jiwe la kwanza la msingi halijawekwa.